Si Kenny, ni Jimmie: Rekodi 11 za Baba wa Kantri, Kutoka Mkiani Hadi Kileleni

Kwanza tuelewane: si Kenny. Kenny Rogers alikuwa na ndevu zake nyeupe na wimbo wake wa kamari, na siku yake itafika. Leo ni zamu ya Jimmie Rodgers wa Meridian, Mississippi, mtoto wa msimamizi wa genge la reli, ambaye naye alikuwa mtu wa breki kwenye treni za mizigo mpaka kifua kikuu kikamtoa kazini. Nyinyi wa Jim Reeves kila Jumapili asubuhi, sogeeni karibu. Huyu ndiye babu yenu.

Aliimba mbele ya mashine ya kurekodi mara ya kwanza tarehe 4 Agosti 1927, na mara ya mwisho tarehe 24 Mei 1933. Hesabu utakavyo, haifiki miaka sita. Ndani ya muda huo aliacha nyimbo zaidi ya 100, na mwaka 1961 Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri lilipochagua watu wake watatu wa kwanza, yeye alikuwemo pamoja na Hank Williams na Fred Rose.

Nimechagua rekodi 11, kama timu ya mpira. Anayetaka orodha ya mauzo akaitafute kwingine. Mimi nimepanga kwa kuuliza maswali mawili: nani mwingine alikuwemo chumbani, na je, jina lake lilifika kwenye lebo ya santuri? Mtanipinga, najua. Pingeni mkiwa mmeshasikiliza.

11. "The Soldier's Sweetheart" (Bristol, Agosti 1927)

Bristol ni mji wenye utani: barabara yake kuu ndiyo mpaka wa majimbo mawili, upande mmoja Tennessee, upande wa pili Virginia. Ukivuka kununua mkate umesafiri. Ralph Peer wa kampuni ya Victor alipanga mashine zake hapo katika jengo la wauza kofia na glavu, akatangaza kwamba anatafuta waimbaji. Jimmie alifika na bendi. Usiku wa kuamkia siku yao wakagombana, na ugomvi wenyewe ulikuwa jina: santuri itaandikwa bendi ya nani? Kulipokucha bendi ikaingia kivyake, Jimmie naye akaingia na gitaa lake tu.

Alilipwa dola 100 kwa nyimbo mbili, huu na bembelezi ya mtoto iitwayo "Sleep, Baby, Sleep". Zote mbili ni za adabu mno, za mtu aliyevaa koti la kuazima na anaogopa kulichafua. Ndiyo maana nimeziweka mkiani. Lakini siku chache kabla yake, chumba kilekile kilikipokea kikundi cha Carter Family kwa mara ya kwanza. Wiki moja, mji mmoja, na nusu ya muziki wa kantri ikazaliwa hapo. Mkia gani mnono hivi?

10. Filamu ya "The Singing Brakeman" (1929)

Najua, filamu si santuri. Orodha ni yangu.

Ni dakika chache tu, na ndiyo picha pekee inayotembea tuliyobakiwa nayo ya mtu huyu. Amevaa nguo za reli, yuko kwenye mkahawa wa stesheni, anaimba nyimbo tatu. Wakati huo alikuwa amekwisha kuacha reli miaka kadhaa, na vumbi la makaa ya mawe lilikuwa sumu kwa mapafu yake. Tazama anavyopiga yodeli: sauti inapasuka kutoka kifuani, inarukia juu kooni, inarudi chini, yote kwa pumzi moja, na uso wake hauonyeshi kwamba kuna kazi yoyote inayofanyika. Wengine wakipiga yodeli hukunja uso kama wanameza kwinini.

9. "Mule Skinner Blues" (1930)

Mtu anaomba kazi ya kuswaga nyumbu. Basi, hiyo ndiyo hadithi yote. Lakini Bill Monroe aliuimba alipopanda jukwaa la Grand Ole Opry kwa mara ya kwanza mwaka 1939, akaupeleka mbio hadi ukawa mlango wa muziki wa bluegrass. Mwaka 1970 Dolly Parton akauchukua, akaufanya wa mwanamke anayetafuta kazi, na tangu hapo kuna watu wanaoapa kwamba ni wake. Wimbo ukiibiwa na Dolly, usiende polisi, shukuru.

8. Mchezo wa kuigiza na Carter Family (Louisville, Juni 1931)

Hapa raha tupu. Victor waliwakutanisha nyota wao wawili wakubwa wa kusini na kuwafanya waigize ziara. Santuri moja inadai Jimmie amekwenda kuwatembelea akina Carter nyumbani kwao Virginia. Nyingine inadai akina Carter wamemfuata Texas. Ukweli ni kwamba wote walikuwa Louisville, Kentucky, kwenye chumba kimoja, mbele ya maikrofoni moja, wakisalimiana kama majirani waliopotezana. Uigizaji wenyewe ni wa shule ya msingi. Uimbaji, hasa anapokutana na Sara Carter, unasamehe yote.

Kuna jambo ambalo lebo haikulisema. Maybelle Carter alisimulia baadaye kwamba Jimmie alikuwa amedhoofika kiasi cha kushindwa kupiga gitaa vizuri, naye akampigia kwa mtindo wa Jimmie mwenyewe ili msikilizaji asijue. Maybelle alikuwa na mkono wa gitaa ambao Marekani nzima ingekuja kuuiga, na siku hiyo aliuficha ili mgonjwa aheshimike. Santuri hizi zingeweza kuwa mbaya mara kumi na bado ningezipa nafasi ya nane kwa sababu hiyo tu.

7. "Daddy and Home" (Camden, Juni 1928)

Sasa mpigieni makofi shemeji. Elsie McWilliams alikuwa dada ya Carrie, mke wa Jimmie. Alijua piano na nota. Jimmie hakujua kusoma hata nota moja.

Ili muone kwa nini alihitajika, lazima mjue biashara ya Ralph Peer. Peer alikula kwenye hakimiliki: wimbo wa zamani usio na mwenyewe haukumpa kitu, wimbo mpya uliosajiliwa kwake ulimlipa kila santuri ilipouzwa. Kwa hiyo kila Jimmie alipoitwa studio, swali la kwanza lilikuwa, una mpya ngapi? Naye hakuwa na mpya za kutosha, maana maonyesho, safari na kukohoa vilimaliza siku. Elsie akapanda treni hadi Camden, New Jersey, akakaa naye, akamwimbia nyimbo alizotunga mpaka azishike kwa masikio, kisha Jimmie akaingia kuzirekodi.

Alisaidia kutunga zaidi ya 30. Nyingine zina jina lake, nyingine alikataa lisiwekwe, akisema anamsaidia ndugu. Mwaka 1979 watunzi wa Nashville wakamwingiza katika jumba lao la heshima. Miaka 50 baadaye, lakini walifika. Kila mwanamuziki na apate shemeji wa namna hii, na kila shemeji wa namna hii na aandikwe kwenye lebo atake asitake.

6. "Waiting for a Train" (Atlanta, Oktoba 1928)

Inaanza na honi ya treni. Si treni, ni koo lake. Wahandisi wa leo wangeweka mashine tatu kuipata.

Kisha wanaingia wanamuziki ambao kwa mujibu wa sheria za "watu wa kijijini" hawakupaswa kuwepo: koneti, klarineti, gitaa la chuma lenye mtelezo wa Hawaii. Ni bendi ya mjini kabisa, na mtu wa reli amekaa katikati yake anasimulia habari ya maskini aliyefukuzwa kwenye behewa, mbali na kwao, bila senti. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1929, soko la hisa la New York likaanguka, na watu wasiohesabika wakawa wanadandia mabehewa kweli kutafuta kazi. Wimbo uliwatangulia na kuwasubiri. Anayeniambia kwamba kantri halisi haina matarumbeta, nampeleka Atlanta 1928, na namwacha huko.

5. "T.B. Blues" (San Antonio, Januari 1931)

Aliambiwa ana kifua kikuu mwaka 1924, akiwa na miaka 27. Dawa haikuwepo. Streptomaisini ingegunduliwa mwaka 1943, miaka 10 baada ya yeye kuzikwa. Tiba ya wakati ule ilikuwa kupumzika, hewa kavu na dua, ndiyo sababu alijenga nyumba kubwa Kerrville, Texas, mji wa milimani ambako wagonjwa wa mapafu walikwenda kupumua. Kupumzika, hata hivyo, hakukuwa katika tabia yake.

Badala ya kuficha ugonjwa, aliutungia wimbo. Katika miaka ambayo familia zilinong'ona neno hilo na majirani walisusa vikombe vya mgonjwa, mwimbaji maarufu anaweka herufi mbili za ugonjwa wake kwenye jina la santuri na kuuza madukani! Aliyemsaidia kuutunga alikuwa Raymond Hall, mfungwa wa jela ya Texas. Mgonjwa na mfungwa, kila mmoja na kifungo chake, wanaandikiana wimbo. Na bado kuna mistari yake inayochekesha. Mimi nimeusikia ukipigwa mahali pa kunywea, watu wanatikisa vichwa kwa furaha, kisha mmoja anauliza anaimba nini, anaambiwa, na chupa inabaki hewani.

4. "Years Ago" (New York, 24 Mei 1933)

Hapa utani unapungua kidogo, mtanisamehe.

Biashara ya santuri ilikuwa imelala chali. Mdororo wa uchumi ulikuwa umewanyang'anya wanunuzi wake pesa, ile nyumba ya Kerrville alikwisha kuiuza, na alijua hana muda. Akaenda New York na muuguzi kuirekodia RCA Victor nyimbo 12, ili Carrie na binti yao Anita wabaki na kitu. Studio ikamwekea kitanda cha kukunja. Anaimba wimbo, anajilaza, anainuka, anaimba mwingine. Kati ya siku na siku walimpa mapumziko.

Tarehe 24 Mei wapiga gitaa wawili walimsindikiza, lakini huu wa mwisho aliumaliza peke yake na gitaa lake, kama alivyoanza Bristol. Siku iliyofuata alikwenda matembezi Coney Island. Alfajiri ya tarehe 26 akafariki hotelini kwa kutokwa damu mapafuni, akiwa na miaka 35. Treni ikamrudisha Meridian.

Sikiliza sauti katika rekodi hizi za mwisho bila kuwa na habari hiyo. Hutagundua. Huyo ni mtu aliyejua kazi yake mpaka ncha ya kidole.

3. "Blue Yodel" (Camden, 30 Novemba 1927)

Wengi huiita "T for Texas", na wengi wangeiweka namba moja. Nawaheshimu, wamekosea kwa nafasi mbili.

Baada ya Bristol, Peer hakumwita tena. Jimmie akajipeleka New York bila mwaliko, akachukua chumba cha hoteli, akampigia simu Peer na kumwambia yuko mjini na yuko tayari. Hiyo ndiyo inaitwa kujiamini, au kukaukiwa mfukoni, na mara nyingi ni kitu kimoja. Wakaenda Camden, kwenye lililokuwa kanisa ambalo Victor walilinunua kwa sababu ya mlio wake mzuri. Tangu mwaka 1925 Victor walikuwa wanarekodi kwa maikrofoni ya umeme, si kwa kupigia kelele pembe ya bati, na hilo ndilo lililomwezesha mtu mwenye mapafu mabovu kuimba kama anazungumza na wewe mezani.

Alichoimba kilikuwa bluzi, na lazima isemwe bila kumung'unya: bluzi ilikuwa ya Wamarekani Weusi. Jimmie alikua kati ya magenge ya wafanyakazi Weusi wa reli, katika Mississippi iliyokuwa na sheria za kuwatenga watu kila mahali isipokuwa kwenye jua la kazi. Akachukua umbo la wimbo wao, akabandika yodeli mwishoni mwa ubeti, na santuri ikauzwa kwa mamia ya maelfu. Hakuna jina la mwalimu hata mmoja kwenye lebo hiyo. Ndiyo sababu imekwama namba tatu, na haitapanda.

Deni hilo lina upande wa pili. Howlin' Wolf, jitu la bluzi la Chicago, mwenyewe alieleza kwamba alijaribu kupiga yodeli kama Jimmie, ikamshinda, na ule mlio wake wa mbwamwitu ndio uliotoka badala yake. Afadhali ilimshinda!

Na mwaka uleule wa 1928 ambao Wamarekani walikuwa wanapigania santuri hii, Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi kwa lebo ya HMV. Santuri zao zilikuwa na nembo moja: yule mbwa aliyeinamisha kichwa mbele ya gramafoni. Mbwa huyo amesikiliza mengi mazuri kuliko sisi wote.

2. "Blue Yodel No. 9" (Hollywood, 16 Julai 1930)

Kaeni mkao wa kula.

Alitoa Blue Yodel 13 kwa jumla, na nyingi kati yake zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Hii ya tisa ina wageni. Trampeti: Louis Armstrong. Piano: Lil Hardin Armstrong, mkewe wakati huo. Tena Armstrong yule wa miaka yake ya moto, aliyekuwa Los Angeles kwa ajili ya kupiga klabuni. Siku hiyo ya Julai, mtu mweupe wa Mississippi na watu weusi kutoka New Orleans na Memphis walisimama chumba kimoja kufanya kitu ambacho kwenye jukwaa la Meridian wangekamatwa.

Sasa shida tamu: Jimmie alikuwa hajali hesabu ya mapigo. Akitaka kuvuta neno anavuta, akitaka kukata anakata, na wapigaji wengi wa studio walitoka jasho kumfuata. Msikilize Armstrong. Anamwachia amalize sentensi, anajibu, mara anamdhania vibaya, anajirekebisha katikati ya noti na kutoka akicheka kwa shaba. Lil yuko chini yao, anashika nyumba isianguke. Ni dakika zisizofika tatu, maana upande mmoja wa santuri haukubeba zaidi, na nimezirudia mara nyingi kuliko nilivyorudia hotuba yoyote ya kiongozi yeyote.

Lebo? Jimmie Rodgers, basi. Armstrong alikuwa na mkataba na kampuni nyingine, na Lil hakutajwa pia. Kwa miaka mingi wasikilizaji walinunua trampeti bora duniani bila kujua. Mwaka 1970 Johnny Cash alimwalika Armstrong kwenye kipindi chake cha televisheni, akaitangazia Marekani ni nani hasa alipiga siku ile, na wakaupiga tena pamoja. Armstrong alifariki mwaka uliofuata. Angalau alilipwa sifa yake akiwa hai, mbele ya kamera, akitabasamu.

1. "Chemirocha" (Kapkatet, Kenya, 1950)

Ndiyo, najua. Jimmie alikuwa amekufa miaka 17. Hakuwahi kukanyaga Kenya. Kelele zenu nazisikia, namba moja haiondoki.

Santuri zake zilikuwa zimefika nyanda za juu za Bonde la Ufa enzi za ukoloni, na Wakipsigis walipozisikia kutoka kwenye gramafoni walikuwa na haki ya kuuliza: huyu anayetoa sauti hii ni mtu gani? Mbona anaruka hivyo kooni? Jimmie Rodgers akawa Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu paa, mwimbaji na mchezaji. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyezunguka Afrika na mashine yake, alifika Kapkatet na kurekodi nyimbo tatu zenye jina hilo.

Ya tatu ndiyo yenyewe. Kinubi cha chepkong kinazunguka noti chache bila kuchoka, kwaya ya wasichana inaitikia, na hakuna yodeli, hakuna treni, hakuna Mississippi. Wasichana wanamwita Chemirocha aje acheze ngoma ya kuruka ya Kipsigis, aruke kwa nguvu mpaka achomoke ndani ya nguo zake. Tazama ujasiri huo! Waimbaji wote wa kizungu waliomwiga Jimmie walitaka kuwa yeye. Wasichana wa Kapkatet walitaka yeye awe mmoja wao, tena avuke mtihani kwanza.

Rekodi hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey. Miaka ya 2010 maktaba hiyo, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells, ilizirudisha nakala kwa jamii zilikotoka, na wapo wazee waliozisikia tena baada ya zaidi ya miaka 60.

Kwenye lebo limeandikwa jina la mwimbaji, Chemutoi Ketienya, pamoja na wasichana wa Kipsigis. Jina la Jimmie limo ndani ya wimbo, na Chemutoi ndiye aliyeamua liwe la nani. Tafuteni zote tatu, anzeni na ya tatu, pandisheni sauti, na asikae mtu.